Ndege gani huyu anayemfukuza buabua mpaka amtapishe samaki? Wa ziwa na wa bahari njooni

#1 Mwana wa Mwalo

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita alfajiri nilikuwa mwaloni huku Ukerewe, tunasubiri mitumbwi ya dagaa iingie. Kama kawaida buabua walishatangulia, wale weupe wadogo wanaopeperuka juu ya maji kama vipande vya karatasi. Mara akaja ndege mmoja wa kahawia iliyokolea, akachagua buabua mmoja kati ya kundi zima, akamganda. Buabua akikata kushoto naye kushoto, akishuka mpaka kugusa maji naye yuko palepale mgongoni. Nilimsikia buabua akilia. Haikuzidi nusu dakika, buabua akatapika. Nilikiona kitu kinang'aa kikidondoka, na kabla hakijafika majini yule wa kahawia akakidaka, akaondoka zake kuelekea maji makuu.

Nimezaliwa ziwani, sijawahi kuona hiyo. Mbawa zake kama mara mbili ya za buabua, zimechongoka. Chini ya bawa karibu na ncha kulikuwa na kiraka cheupe. Picha sina, simu ilikuwa imeisha chaji. Anayemjua aniambie.

#2 Mzee wa Sangara

Mwewe huyo. Fungeni uzi.

#3 Kaskazi72

Mzee wa Sangara usifunge haraka hivyo. Mimi niko Malindi, natoka na mashua za wageni wanaokwenda kuvua jodari, na hicho kitendo nimekiona baharini si mara moja. Anaitwa skua. Anazaliana huko kaskazini kabisa karibu na ncha ya dunia, kwenye nchi ya barafu isiyo na miti, halafu baridi ikianza anashuka baharini kusini. Maisha yake nje ya msimu wa kuzaa ni hayo: anatafuta aliyekwisha vua, anamchosha mpaka ateme. Kiraka cheupe karibu na ncha ya bawa ndiyo alama yake kubwa. Ukikiona kwa chini na kwa juu pia, umemaliza kazi.

Kuna aina kadhaa. Yule mnene, Stercorarius pomarinus, akiwa mkubwa ana manyoya mawili ya mkia yaliyojisokota, ukiangalia kwa mbali utadhani amening'iniza vijiko viwili. Mwenzake Stercorarius parasiticus ni mwembamba na manyoya hayo yamenyooka yamechongoka. Lakini wachanga hawana hayo yote, ni kahawia tupu, na hapo ndipo watu wanapotea.

#4 Mzee wa Sangara

Sawa, ila huyo ni wa bahari. Ukerewe na bahari wapi na wapi?

#5 Kaskazi72

Akitoka kaskazini kwenda kusini lazima apite juu ya mahali fulani. Si wote wanazunguka na pwani. Wapo wanaokatiza nchi kavu, na skua wamewahi kuonekana kwenye maziwa ya ndani, mbali kabisa na maji ya chumvi. Ni wachache, lakini wapo.

#6 Doto Musoma

Mimi naona mnahangaika bure. Huyo ni mtoto wa furukombe. Furukombe mkubwa kila mtu anamjua, kichwa cheupe, kifua cheupe, tumbo la rangi ya matofali. Lakini mtoto wake ni kahawia kahawia amechafuka na mabaka meupe, na inamchukua kama miaka 5 mpaka apate sura ya baba yake. Na wizi ni wa kwao! Nimeshuhudia furukombe akimnyang'anya korongo samaki mdomoni, na mdiria naye hamwachi.

#7 Nahodha Msaidizi

Wizi ni kweli. Ila Doto, furukombe jike ana zaidi ya kilo 3 na mbawa zake mwisho hadi mwisho zinapita mita 2. Buabua huyu mdogo wa ziwani akinyoosha mbawa hafiki hata sentimita 70. Mwanzisha uzi kasema mara mbili. Furukombe angekuwa mara tatu na zaidi, na asingeweza kukata kona nyuma ya buabua, ni kama lori kulikimbiza bodaboda sokoni.

#8 Doto Musoma

Nimekuelewa mkuu. Najiondoa kwa furukombe, ila la wizi nabaki nalo.

#9 Bint Wete

Samahani naingia pembeni kidogo. Huku kwetu Pemba watu wakimuona ndege mweupe mwenye mbawa nyeusi juu ya mnazi husema "furukombe yule", na mara nyingi siye. Ni tai mla-mawese. Mie mwenyewe nilikosea miaka mpaka nilipomuona mmoja chini ya mchikichi anachuna tunda kwa mdomo, kashika kwa mguu mmoja. Tazameni uso: tai huyu ana ngozi tupu nyekundu-waridi kuzunguka macho. Na mkia wake mweusi wenye ncha nyeupe, wakati furukombe mkia wote mweupe. Naye hushuka ufukweni maji yakitoka, anaokota kaa na samaki waliokwama, ndiyo maana watu wanamdhania mvuvi.

#10 Mwana wa Mwalo

Asante Bint Wete, huyo sijawahi kumsikia. Ila wangu alikuwa kahawia mtupu, mweupe ni kile kiraka tu.

#11 Mlinzi wa Mida

Nimesoma kuanzia #1. Natembeza wageni kwenye mikoko ya Mida Creek kule Watamu, na swali ninalowauliza wageni kila siku nakuuliza na wewe Mwana wa Mwalo. Achana na rangi kwanza. Rangi za ndege hawa zinadanganya, shakwe mkubwa tu anachukua kama miaka minne kubadilika kutoka kahawia mpaka kuwa na mgongo wa kijivu au mweusi. Niambie hivi: alikidaka kwa mdomo au kwa mguu?

Skua na shakwe miguu yao ni ya bata, ina ngozi katikati ya vidole, haishiki kitu. Kila kitu wanadaka kwa mdomo na kumeza hapohapo. Mwewe, kipanga na furukombe wanadaka kwa kucha. Mwewe ana tabia moja zaidi: akishakamata hatui, anaruka huku ameinamisha kichwa anakula kutoka mguuni. Hilo halihitaji darubini wala kitabu.

#12 Mwana wa Mwalo

Aisee. Umenikamata. Nimekaa nikafumba macho kujaribu kukumbuka. Naona kichwa kikienda mbele, yaani mdomo. Lakini nilikuwa na mdogo wangu, nimempigia simu sasa hivi, anasema kwa kujiamini kabisa ni mguu.

#13 Mzee wa Sangara

Mdogo wako ana macho mazuri. MWEWE.

#14 Kaskazi72

Mdogo wako alikuwa amesimama wapi? Jua lilikuwa upande gani?

#15 Mwana wa Mwalo

Alikuwa ndani ya mtumbwi anashusha ndoo, mimi nchi kavu. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza, mimi nalitazama, yeye kalipa mgongo. Kwa hiyo yeye aliona vizuri kuliko mimi, nakiri. Lakini alikuwa mbali zaidi.

#16 Fundi Injini Kisumu

Hapa Dunga mwewe ni wengi sana na wanachukua omena mpaka kwenye neti zilizoanikwa. Wa kwetu wakubwa wana mdomo wa njano kabisa. Lakini Oktoba hivi wanaingia wengine kutoka Ulaya na Asia, mdomo mweusi wenye njano kidogo pale puani, na hao chini ya bawa wana sehemu iliyopauka karibu na ncha. Kwa hiyo kile kiraka cheupe hakimtoi mwewe kwenye kesi. Mdomo ulikuwa rangi gani?

#17 Mwana wa Mwalo

Mdomo sikuuona kwa kuukazia macho. Mkia nao sikuuangalia, nisiwadanganye. Nilikuwa namwangalia buabua, nilimuonea huruma.

#18 Mlinzi wa Mida

Hilo la mkia ndilo lingemaliza ubishi. Mwewe mkia una panda, na anaupindapinda muda wote kama usukani. Skua mchanga mkia wake mfupi, hauna panda kabisa.

#19 Abu Salim Maskati

Salaam alaikum. Mimi mzaliwa wa Unguja, nipo Oman mwaka wa 20 sasa. Huku kuna shakwe wa kahawia, kichwa kama kavaa kofia ya kahawia iliyokoza, ukosi mweupe shingoni, mdomo wa kijani-njano wenye ncha nyekundu na ufito mweusi. Ukienda pwani wanakoanika dagaa wa huku ndiye mwenye mali. Anafukuza buabua, anafukuza wenzake, anamfukuza mpaka paka. Mbona hamjamtaja?

#20 Nyuni wa Kiwayuu

Wa alaikum salaam Abu Salim. Huyo twamjua sana, ni Ichthyaetus hemprichii. Huku kwetu upande wa Kiunga hutaga kwenye visiwa vidogo vya mawe wakati wa kusi. Mimi nilipokuwa kijana tulikuwa tukipita na dau karibu na visiwa hivyo, nyuni wameinuka maelfu, buabua wengi wao, wapiga kelele hata humsikii mwenzio aliye shetri. Na yule shakwe amesimama pembeni kwenye jiwe, kimya, hana haraka. Buabua akiinuka tu kwa sababu ya mashua, shakwe ashuka, achukua yai. Ashuka tena, achukua kinda. Niliona haya siku hiyo. Sisi ndio tuliowainua. Tangu hapo nikipita msimu wa mayai nazunguka mbali, na vijana wangu nimewafundisha hivyohivyo.

Lakini ni wa pwani tu huyo, ziwani hendi. Kwa hiyo wa Ukerewe si yeye.

#21 Mlinzi wa Mida

#20 umeandika jambo kubwa sana. Wageni wenye kamera ndio wanaoongoza kwa kuwainua ndege wasiotakiwa kuinuliwa. Umenipa cha kuwaambia kesho asubuhi.

#22 Nahodha Msaidizi

Kama ni shakwe basi ziwani yupo yule mkubwa anayekuja kipindi cha baridi ya Ulaya, Larus fuscus. Mchanga wake ni kahawia madoadoa, na wizi anaujua. Yule mdogo wa kijivu wa hapahapa ziwani hawezi kuwa, ni mweupe mno. Mwana wa Mwalo, alikuwa mzito akiruka au mwepesi? Shakwe anakata tamaa haraka, skua haachi.

#23 Mwana wa Mwalo

Hakuacha.

#24 Kaskazi72

Neno hilo hilo.

#25 Mkojani wa Jibondo

Mmenikumbusha mambo ya Mafia. Kuna ndege mmoja mnamuacha, jambazi mkubwa kuliko hao wote. Mweusi, mbawa nyembamba ndefu zilizovunjika katikati, mkia mrefu umepasuka kama mkasi, mdomo una ndoana. Huja upepo wa kusi ukikaza. Siku moja tukiwa tumetia nanga nje ya mwamba alikaa juu yetu tangu adhuhuri mpaka tunaondoka alasiri, na sikumuona akipiga bawa hata mara kumi. Anaelea tu. Mzee wangu alisema huyo hatui majini maana akitua ndiyo mwisho wake.

#26 Mlinzi wa Mida

Fregata huyo. Mzee wako alikuwa sahihi. Manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya ndege wengine wa bahari, akilowa ni shida kunyanyuka. Mkubwa wao mbawa zinapita mita 2 na uzito wake ni kama kilo moja na nusu tu, ndiyo maana upepo unambeba. Kundi kubwa linazaliana Aldabra huko Shelisheli. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa ndege hao waliofungwa vipima mwendo kisiwa cha Europa, kwenye mlango bahari wa Msumbiji, ikaonekana wachanga wanaweza kukaa angani kama miezi miwili wakiwa juu ya bahari.

Ila nimtetee kidogo, wizi si chakula chake kikuu. Samaki wengi, hasa panzi wa bahari wanaoruka, anawakamata mwenyewe.

#27 Mkojani wa Jibondo

Miezi miwili? Analala saa ngapi?

#28 Mlinzi wa Mida

Hukohuko angani, kwa vipande vifupi vifupi.

#29 Bint Wete

Subhanallah.

#30 Mkojani wa Jibondo

Anaowaonea zaidi ni wale weupe wakubwa wanaojitupa majini kwa kichwa, wengine wanawaita membe. Wako Fungu Mbaraka, kile kisiwa cha mchanga na mwamba huko nje kusini-mashariki ya Unguja. Ukipita karibu unasikia harufu ya mavi ya ndege kabla hujakiona kisiwa chenyewe.

#31 Doto Musoma

Uzi umehama ziwa sasa upo bahari kuu. Narudisha: kuna mtu kamtaja yule mwingine anayejipiga majini miguu kwanza? Yupo huku Musoma miezi ya mwisho wa mwaka. Tumbo jeupe, uso una mstari mweusi unapita jichoni kama kajipaka wanja. Huyo naye watu wanamwita furukombe.

#32 Mlinzi wa Mida

Pandion haliaetus. Na wapo wanaosema huyo ndiye furukombe wa haki, na yule mwenye kichwa cheupe jina lake ni kwazi. Nimewakuta wazee wenye msimamo huo na wazee wenye msimamo wa kinyume. Mimi nimeacha kubishana, natazama mwendo: kwazi/furukombe mwenye kichwa cheupe anapita juu ya maji anachota samaki wa juu, halowi sana. Huyu wa mstari wa wanja anasimama angani, anapigapiga mbawa, halafu anaingia mzima mzima mpaka anapotea majini, anatoka anajikung'uta kama mbwa. Akiruka na samaki anamgeuza kichwa kiangalie mbele, upepo usimsumbue. Ana kidole kimoja kinachogeuka mbele na nyuma kwa kazi hiyo.

#33 Nyuni wa Kiwayuu

Huku kwetu twamwita kila mmoja kwa jina lake na bado twabishana.

#34 Mzee wa Sangara

Mimi kwazi ndiyo jina. Furukombe nimelisikia shuleni.

#35 Fundi Injini Kisumu

Na jamani msifikiri hawa wa kichwa cheupe ni samaki tu. Nilifanya kazi ya mitambo Baringo miezi sita, tukaenda Bogoria. Ile maji ni magadi, samaki hakuna. Lakini kwazi wapo, na wanakula heroe, yaani flamingo. Nilimuona kwa macho yangu akipita chini juu ya lile kundi la waridi, wote wakainuka isipokuwa mmoja aliyechelewa. Alimburuta mpaka ukingoni. Manyoya ya waridi yalibaki yanaelea.

#36 Doto Musoma

Naivasha je? Nimesikia wanawapigia mluzi wanakuja.

#37 Fundi Injini Kisumu

Kweli. Wenye boti wanachomeka kipande cha bua la mafunjo ndani ya samaki ili aelee, wanapiga mluzi, wanarusha. Kwazi anatoka mtini moja kwa moja. Wageni wanapata picha. Mimi sipendi, ndege anajifunza kusubiri boti.

#38 Nahodha Msaidizi

Wenye boti nao wana watoto wa kulisha. Samaki mmoja wa kutupiwa hamharibu kwazi anayejua kuvua.

#39 Fundi Injini Kisumu

Boti moja sawa. Hesabu boti zote za siku moja.

#40 Abu Salim Maskati

Kwa Unguja mniruhusu niseme moja. Mnatafuta mwizi wa mbali, mwizi wa karibu ni kunguru wale walioletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890. Mayai, makinda, hana anachobakisha. Shakwe na skua angalau wanapita na kuondoka na msimu wao.

#41 Bint Wete

Hapo umesema kweli tupu.

#42 Mwana wa Mwalo

Wakuu, nimerudi na habari. Leo alfajiri nimekwenda na mdogo wangu, simu imejaa chaji, na nimefanya kama mlivyonielekeza: jua mgongoni, macho kwa mwizi na si kwa buabua.

Saa kumi na mbili na nusu hivi akaja mwewe. Mkia wa panda, anaupinda, mdomo wa njano. Akamfukuza buabua mmoja kama hatua hamsini, akaachana naye, akaenda kuchukua dagaa kwenye chanja la mama mmoja kwa mguu, akala anaruka. Mdogo wangu akaniambia "si unaona?" Nikamuuliza, ni huyu uliyemuona ile Jumamosi? Akakaa kimya. Akasema yule alikuwa mweusi zaidi, na kifua chake kilikuwa kinene.

Basi tumekaa mpaka saa mbili. Mbali kabisa, kama nusu ya njia kwenda kisiwa cha pili, buabua wakapanguka wote kwa mpigo mmoja. Kulikuwa na kitu cheusi katikati yao, kiko chini karibu na maji, kinakwenda kasi. Nimechukua video, lakini ukiikuza ni nukta tupu inayocheza. Mdogo wangu sasa anasema ni mdomo. Mimi safari hii sisemi kitu.

#43 Mzee wa Sangara

Weka hiyo video.

#44 Kaskazi72

Weka hata kama ni nukta. Nataka kuona anavyokata kona.

#45 Mwana wa Mwalo

Mtandao wa huku unasuasua, nitaipandisha nikifika Nansio kesho mchana. Mlinzi wa Mida, hicho kiraka cheupe kwa umbali huo kingeonekana?

#46 Mlinzi wa Mida

Kama jua lilikuwa mgongoni mwako, kingemweka kila akigeuka. Angalia sekunde kwa sekunde, usiikimbize.